Barua Tuliyoisaini Kuhusu Meno ya Mama

Kumbukumbu ya mama yetu mpendwa, Veneranda Ntahondi, wa Kibirizi, Kigoma
1946 – 9 Septemba 2024

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipovuta pumzi yako ya mwisho kwenye wodi ya wanawake, saa nne asubuhi, watu wakiuziana maandazi nje ya dirisha kana kwamba hakuna kinachotokea. Mdogo wangu Nickson alikuwa upande wa miguu, mimi upande wa kichwa. Nathaniel, mdogo wangu mwingine, alikuwa bado njiani kutoka Dodoma.

Nathaniel alikuwa ameandaa tangazo lake la kumbukumbu ya mwaka huu. Lilikuwa fupi, limenyooka, lina maneno "baada ya kuugua kwa muda mfupi" na ile picha yako ya siku ya mahafali yake. Akanitumia nilipitie. Nililipitia nikalifuta lote. Unanijua mtoto wako wa kwanza, ulinizaa na mdomo. Mle ndani hamkuwa na uongo, ila wewe hukuwemo. Kwa hiyo leo naandika mimi, Genoveva, kwa niaba ya wote, na anayetaka kusoma asome.

Uliuza dagaa pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki, zaidi ya miaka arobaini, na ulianza mimi nikiwa mgongoni. Hukukubali dagaa wa mchangani hata siku moja. Wako walikauka juu ya chanja, na mtu akikuletea walioanikwa chini ulikuwa unachukua mmoja, unamweka kati ya meno, unamvunja, unasikiliza, kisha unatema pembeni na kumwambia mwenye mzigo kwamba huyu ameula ufukwe mzima. Wanunuzi wa Tabora walikuwa hawafungui gunia. Walikuangalia wewe tu unavyotafuna.

Meno yako ya juu yalipoanza kutoka, moja baada ya jingine, ukaanza kuziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Ukawa unacheka umejifunika. Ukaacha kwaya. Ukawa unanipa mimi dagaa nivunje, nami sikujua kusikiliza, nikakutia hasara ukaninunia wiki nzima. Nathaniel alipomaliza chuo ukasema huendi kupigwa picha ya mahafali na pengo la kupitisha mtumbwi. Ukaenda mjini kwa daktari wa meno, ukarudi na safu nzima ya juu, na siku hiyo ulisalimia Kibirizi yote, mpaka watu usiowapenda. "Mwakeye, mwakeye," huku umefungua mdomo wote.

Tangu hapo hakuna aliyekuona bila hayo meno. Baba yetu Feliksi, Mungu amrehemu, alikuwa akitania kwamba ameoa mke wa pili na bado hajaruhusiwa kumwona mdomo. Kila usiku uliyavua nyuma ya pazia, ukayasugua kwa mswaki wake maalumu, ukayaweka kwenye kibakuli cha maji chenye mfuniko. Asubuhi uliyavaa kabla ya mtu yeyote kuamka. Sisi tulisikia maji tu. Mama, hili ndilo linaloniuma kuliko yote: wewe ulijua namna ya kuyatunza. Tulichojua sisi ni kwamba haturuhusiwi kukuona.

Ulikuwa mwema kwa namna yako ya kugombeza. Mjane akija kukopa debe la dagaa ulimfokea kwanza, ukamwuliza kama unafuga kiwanda, halafu ukampimia na nyongeza juu. Wagonjwa wa mtaani uliwapelekea ugali wa muhogo na samaki mgebuka wa mawese, na ulikaa pale mpaka wamalize ili chombo chako kisipotee. Vyombo vyako uliviandika jina chini kwa rangi nyekundu. Bado tunavyo.

Kiharusi kilikupiga mwezi Januari ukiwa unashona mdomo wa gunia. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakaenda nao. Wewe uliyeweza kugombana na Wakongo wawili kwa pamoja, Kiha huku na Kiswahili huku, ukabakiwa na "eee" moja tu. Tulikuuguza kwangu miezi mitatu. Mimi nilikuwa natoka alfajiri kwenda mwaloni, maana mitumbwi haimngoji mtu, na Wema, mke wa Nickson, alikuwa ametoka kujifungua. Msichana wa kazi wa kwanza akaondoka, wa pili akaondoka. Mgongo wako ukaanza vidonda. Ndipo masista wenye makao ya wazee kule barabara ya Kidahwe wakakubali kukupokea.

Unajua watu wa kwetu. Mzazi kupelekwa makao ya wazee wakati ana watoto watatu wazima? Lo! Sikumaliza wiki, nikasikia kwamba watoto wa Veneranda wamemtupa mama yao. Sokoni wanawake walikuwa wananyamaza nikipita. Nikaapa kwamba yeyote atakayekwenda kukuona atakukuta umesuka nywele, umevaa kitenge kilichopigwa pasi, na meno yako mdomoni. Nilimwambia sista mkuu hivyo siku ya kukupeleka. Nilimwambia mama yetu hajawahi kuonekana mdomo wazi, na hatutaki aonekane leo. Sista aliandika kwenye daftari lake.

Basi ukakaa na meno hayo mchana na usiku. Wauguzaji walikuwa wachache na wazee ni wengi, na amri ya familia ni amri. Mswaki wako ulikuwa kwenye pochi yako ndogo, mkavu. Nilikuwa nakuja Jumapili na Jumatano. Kila nikija ulininyooshea kidole mdomoni kwa ule mkono mzima, nami nikadhani ni njaa, nikakupa uji. Uji ukajikusanya kwenye shavu lililolala. Nikakupangusa kwa nje, basi. Siku nyingine ukanyoosha tena, nikadhani unataka kusali, nikatoa rozari nikaanza Baba Yetu. Uliniangalia, Mama. Nilimaliza mafungu yote matano wewe unaniangalia tu.

Ikaja ile Jumapili ya Agosti. Nilikuja na wanawake wanne wa jumuiya, Honorata akiwa mbele, na Honorata unamjua, akiona kitu leo, kesho kimefika Kasulu. Tukakukuta umelala, mdomo umebonyea, na meno yako yako mezani kwenye kikombe. Honorata alijishika kifua. Nilisikia damu inanipanda mpaka masikioni. Nikamwita muuguzaji wako, Brigita, yule binti wa Simbo aliyekuwa anakulisha, nikamfokea mbele ya wagonjwa na wageni. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama ana vidonda ndani, acha yapumzike, usiku yatoke na asubuhi asafishwe kinywa. Nikamwambia asinifundishe mama yangu.

Nikayatoa meno kwenye kikombe, nikakufungua mdomo, nikayarudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Ulinishika kifundo cha mkono. Ulinishika kwa nguvu ambayo sikujua kama bado unayo, ukageuza uso ukutani. Nikadhani unaona haya wageni.

"Tulia, Mama," nilikwambia. "Nakusitiri."

Nilisikia harufu mle mdomoni. Naiandika kwa sababu niliisikia na nikajiambia ni dawa.

Jioni ileile nikaandika barua kwa sista mkuu. Niliandika kwamba meno ya mama yetu yasivuliwe bila idhini ya familia, na kwamba tunaomba abadilishiwe muuguzaji. Nickson akasaini bila kusoma. Nathaniel akasema kwa simu niweke jina lake. Brigita akahamishiwa upande wa wanaume, na mkataba wake ulipoisha hakuongezewa. Nilipoambiwa nilisema afadhali.

Siku ya kumi na moja ukapata homa. Ukawa unapumua juu juu, kifua kinakoroma. Hospitali wakasema ni nimonia, wakakuwekea oksijeni na sindano. Daktari alikuwa kijana mpole, alifungua mdomo wako akamulika kwa tochi. Alihangaika kuyatoa yale meno, yalikuwa yameshika. Chini yake kaakaa lilikuwa jekundu na utando mweupe, na kwenye shavu mlikuwa na mabaki ya chakula ambayo Mungu ndiye anajua ni ya siku gani. Alitueleza bila kutulaumu kwamba mtu aliyepooza hamezi sawasawa, kwamba mate na uchafu wa kinywani vinateremka kidogo kidogo kwenye njia ya hewa, hasa akilala, na kifua cha mzee hakina nguvu ya kuvikohoa vitoke. Ndiyo maana kinywa cha mgonjwa husafishwa kila siku, hata kama hali chochote, na meno ya bandia hutolewa usiku.

Halafu akauliza.

"Haya meno yalikuwa yanatolewa usiku?"

"Yalikuwa yanatolewa," nilisema.

Nickson alikuwepo. Alitazama sakafu. Daktari akaandika nilivyosema, nami nikaanza kuishi ndani ya sentensi ile na sijatoka mpaka leo. Nilitaka kumfuata kwenye korido nimwambie, nikasema nitamwambia kesho, na kesho ukazidiwa.

Ulipoaga dunia walitupa meno yako yamefungwa kwenye pamba. Tukayarudisha kabla ya watu kuja kuaga. Waliopita mbele ya jeneza walisema umependeza, umelala kama unavyolala kwenu. Honorata alinikumbatia akasema, "Genoveva, mama yako umemtunza." Ile "aibu ya maiti aijuaye mwosha" nilikuwa naisikia tangu utoto, na sikuwahi kufikiri mwosha anaweza kuwa mimi.

Mama, mwaka huu wote nimekuwa mtu wa kusifiwa. Kanisani wananitolea mfano. Waliosema tumekutupa ndio hao hao wanaosema kama kuna mtoto, basi ni Genoveva. Nikifungua mdomo nikanushe, wanasema ni unyenyekevu. Daktari yule nilimtafuta mwezi wa pili, nikamweleza nilivyodanganya. Alinisikiliza akasema matibabu yangekuwa yaleyale. Nikamwuliza kama ni meno yaliyokuua. Akasema hawezi kusema. Kinywa kichafu kinaongeza hatari, hilo wanalijua, lakini mzee aliyepooza anaweza kupata nimonia hata akitunzwa vipi. Angesema ndiyo, ningelia nikamaliza. Angesema hapana, ningelala usingizi. Amenirudisha palepale katikati, na siku zote nipo pale.

Mwezi Juni Gervasi akaja mezani kwangu sokoni. Huyu ni mtoto wa Bi Regina, uliyekuwa umelala naye kitanda kwa kitanda kule makao. Bi Regina sasa naye ana meno ya bandia, amewekewa na mwanawe, na hawezi tena kunyanyua mikono. Gervasi alisema kila akikumbuka ulivyokuwa nadhifu anatamani mama yake awe vile. Amesikia kwa sista kwamba sisi tuliandika barua. Akaomba nimsaidie maneno ili naye aandike.

Nilikuwa nampimia mteja. Nikaweka kopo chini. Nikamwambia Gervasi yote, palepale, watu wamesimama, mteja anasubiri dagaa wake. Nilimwambia harufu, nilimwambia uji wa shavuni, nilimwambia ulivyonishika mkono. Nilimwambia akitaka kumheshimu mama yake aende leo hii, amvue yale meno kila usiku, amsafishe ulimi na fizi kwa kitambaa safi kilicholowa, amkalishe wima wakati wa kula na asimlaze mara tu akimaliza, na wageni waone watakachoona. Gervasi aliondoka karibu anakimbia, na nilipopata habari zake tena, Bi Regina alikuwa anakula ugali laini na kugombana na masista.

Kabla jua halijazama Nathaniel alikuwa ameshapigiwa simu. Akanipigia. Alisema nawaanika, alisema mama mwenyewe asingependa mdomo wake ujadiliwe sokoni. Nilimjibu vibaya, nikakata simu, halafu nikakaa kwenye gunia nikaona kwamba huenda anasema kweli. Usingependa. Wewe uliyekuwa unazima taa ndipo uyavue. Kila njia ninayoshika nakuvunjia heshima. Nikinyamaza, wazee wengine wanaendelea kufungwa midomo kwa mapenzi ya watoto wao. Nikisema, ninakufungua mdomo mbele za watu mara ya pili, na safari hii huwezi hata kugeuza uso.

Ndipo nikaenda Simbo kumtafuta Brigita. Nilimkuta shambani kwao anapalilia muhogo. Hakunikimbia wala hakunikaribisha sana. Alinawa, akaniletea kigoda, akasimama. Nikamwamkia mimi kwanza, ingawa ni mdogo kwangu. Nikamwambia nimekuja kwa sababu ya barua.

Akaniambia kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa anakijua, Mama, ila wewe na yeye. Nilidhani siku ile alikuvua meno kwa akili yake. Kumbe ni wewe. Alisema ulimshika mkono akiwa anakubadilisha shuka, ukauvuta mpaka mdomoni kwako, ukaubonyeza pale. Alipojifanya haelewi, kwa kuogopa amri ya familia, ulirudia. Mara tatu. Ya tatu ulikuwa unalia. Akayatoa, akakusafisha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akakushikia kioo kidogo. Ukajiangalia ulivyo, mdomo umebonyea. Alidhani utalia tena. Ukacheka kwa upande ule mmoja, halafu ukalala usingizi mzuri, nao ndio usingizi niliokukuta nao mimi na Honorata wangu.

Kwa hiyo ile aibu haikuwa yako. Ulikuwa umeshaivua pamoja na meno. Niliyekuwa naogopa kuonekana ni mimi, na nilitumia mdomo wako kujifunika.

Nilimpigia Brigita magoti kwenye udongo. Aliniinua haraka, akasema watu wataona. Nikamwomba anisamehe kazi niliyompotezea.

"Mimi sina neno na wewe, dada," alisema. "La mama yako siwezi kukujibia. Mwenyewe hayupo."

Alinipa muhogo wa kwenda nao, kwa sababu mgeni haondoki Simbo mikono mitupu. Nikaubeba mpaka Kibirizi. Niliwapigia ndugu zangu jioni ile nikawaeleza alichosema. Nickson alilia kwenye simu, akaniambia barua ile hajawahi kuisoma. Nathaniel akasema basi andika wewe hilo tangazo, na jina langu uliweke, safari hii nitalisoma kwanza.

Ndiyo maana nimeandika hapa, Mama. Nimekwenda kwa daktari akanirudisha. Nimekwenda kwa Brigita akanirudisha. Kwa padre nimekwenda, akaniondolea dhambi na kunipa sala, nikasali zote, nikatoka kanisani na mkono wako bado uko kwenye mkono wangu. Anayeweza kunijibu ni mmoja, naye alibakiwa na "eee" moja tu ya kusemea, na hata hiyo sikuisikiliza. Tunakuomba radhi kwa barua ile, sote tulioisaini. Tunakuomba radhi na kwa hili tangazo pia.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili hii saa moja asubuhi kanisani kwetu, na baada yake tutakula pamoja nyumbani kwangu. Honorata ameshasoma haya, nilimpelekea mwenyewe. Anakuja.

Unakumbukwa na wanao Genoveva, Nathaniel na Nickson, mkweo Wema, wajukuu zako Adolf, Frida na mdogo Veneranda, ambaye sasa ana meno kumi na mawili na anang'ata kila kitu, dada zako walioko Ujiji, wanawake wa mwaloni Kibirizi, na Brigita wa Simbo, ambaye tumemwomba akae na familia kwenye benchi la mbele, akasema atafikiria.

Siku zote tutakukumbuka, Mama. Hata tungetaka kusahau, tusingeweza.